Sanduku Lisilopungua Likuta

Ijumaa ile, tarehe nne Januari mwaka wa themanini, Inspekta Bisimwa alikuwa na mpaka saa sita mchana, basi. Mwanamke aliyekuwa mahabusu nyuma ya ofisi alikamatwa Jumatano saa sita, na saa arobaini na nane zikitimia ama anarudi kwake, ama anapandishwa lori kwenda gerezani. Na gerezani kolera ilikwisha kuingia tangu kabla ya Noeli. Watu waliopelekwa huko Desemba hawakurudi wote, na kila mtu Bukavu alilijua hilo, hata kama hakulisema.

Juu ya meza palikuwa na sanduku la mbao lenye kufuli mbili. Mbele yake alisimama Agathe, mwuza dagaa, presidenti wa likelemba, mchango wa akina mama kumi na wawili wa soko la Kadutu. Kila mwezi kila mama alitia zaire kumi, kila zaire ikiwa makuta mia, na kila Januari walifungua na kugawana, wakalipa minerval, yaani karo ya watoto, kodi ya nyumba na madeni ya dukani. Mwaka huu wa kolera, ambapo soko lilifungwa mara tatu na wengi walikula mtaji, sanduku hilo ndilo lililobaki.

"Hesabu tena," Bisimwa alisema.

"Shefu, nimehesabu mara ine. Elfu moja na mia ine na makumi ine. Haipunguke hata likuta moja."

"Basi hakuna aliyeiba."

"Eeh! Na weye unasema vile?" Agathe alichukua kibunda cha noti akakisukuma mpaka puani pa inspekta. "Vuta. Unasikia harufu ya nini?"

Bisimwa alivuta. "Sisikii kitu."

"Njo hivyo! Mi nauzisha ndagala miaka kumi na moja. Franga yangu, pesa ya soko, hata ilale mwaka muzima, inanuka ndagala. Na nani atanipatia mimi noti ya zaire kumi? Batu bananunuaka kopo moja ya makuta makumi tano! Tulitiaka noti ya zaire moja na ile ya makuta makumi tano, chafu, zimekunjwa. Hizi ni za kumi tupu, zimenyooka sawa nguo ya pasi. Na za kumi zimekufa, shefu. Zimekufa!"

Zilikufa kweli. Usiku wa Noeli redio ilitangaza kwamba noti za zaire tano na za zaire kumi hazina thamani tena, na watu wakapewa siku chache za kuzibadilisha, kila familia kwa kiasi chake. Noti ndogo ziliachwa zikiwa hai. Tusidanganyane, wenye ofisi hawakuteseka sana. Bisimwa mwenyewe alibadilishiwa zake kazini, bila kupanga mstari. Lakini avenue ya Nyamugo alikokaa mweka hazina wao Godelive, yule aliyekuwa mahabusu, ilikuwa imefungwa kamba kwa ajili ya kolera tangu tarehe ishirini na tatu, na kamba ilipoondolewa madirisha ya benki yalikuwa yamekwisha kufungwa.

"Mnasema Godelive alifanya nini?"

"Aliuzisha noti zetu nzima kwa mutajiri mwenye alibaki na zimekufa. Akapata matabishi yake, bakshishi, sisi akatutilia karatasi ya kuwashia moto."

"Kufuli zilivunjwa?"

"Hapana. Zilishikana na kutu. Juzi tulitia mafuta ya mawese, tukapiga jiwe, njo zikafunguka. Fungulo moja iko kwa Godelive, ya pili kwa Eulalie. Na Eulalie kolera ilimubeba siku ya pili ya Noeli." Sauti ya Agathe ilipungua kidogo. "Fungulo yake tuliikuta kwa shingo ya binti yake mukubwa, na kamba. Na mi sikukuwa hapa. Nilifungwa Luvungi na magunia yangu ya ndagala, kizuizi cha kolera, wiki mbili nalala chini sawa mbuzi."

"Mtasubiri uchunguzi."

"Tumesubiri nini, shefu? Mabati ya nyumba yake tulishavua jana. Kumi na sita."

"Kwa mvua hii?"

"Mvua inanyeshea na batoto wangu," Agathe alisema, akaenda kukaa kwenye benchi la nje.

Bisimwa alizigeuza zile kufuli mkononi. Kila moja ilikuwa na madoa meupe yaliyokauka, na chini ya weupe kutu nyekundu, na juu ya kutu kovu la jiwe. Kovu moja tu kwa kila kufuli. Aliandika hilo kwenye daftari, kisha akaagiza Godelive aletwe.

Aliletwa mwanamke mwembamba, kitenge kimemlegea kiunoni. Alikuwa ametoka kwenye mahema ya wagonjwa siku nne tu kabla ya kukamatwa. Bisimwa alimpa kiti.

"Uliuza noti kwa nani?"

"Andika ni mimi, papa inspekta."

"Nimekuuliza kwa nani."

"Andika ni mimi peke yangu. Inatosha."

Bisimwa alikuwa na sauti nzito, sauti ya msomaji wa kanisani, na ndiyo maana Desemba wakubwa walimpa megafoni azunguke masoko na watu wa usafi kutangaza habari za kolera. Lakini chumbani humo, mbele ya mgonjwa, aliishusha mpaka ikawa kama ya mtu anayebembeleza.

"Sanduku lina kufuli mbili na funguo mbili, Mama Godelive. Peke yako uliwezaje?"

Bisimwa alimwekea kufuli mapajani.

"Haya madoa meupe ni ya nini?"

"Ni dawa. Batu wa pompe walipulizia nyumba, siku moja kabla ya Noeli. Mi nilikuwa nimeshapelekwa kwa mahema."

"Waliingia nyumba tupu? Na sanduku liko ndani?"

"Andika ni mimi," alisema kwa mara ya tatu, na hapo Bisimwa aliona kwamba mwanamke huyu hajitetei, maana kuna mtu mwingine ambaye yeye anamlinda.

Hata hivyo watu wa pampu walikuwa njia nzuri. Mtu amevaa barakoa, ana ruhusa ya kuingia nyumba zisizo na wenyewe, nani atamuuliza? Bisimwa aliteremka kwa miguu mpaka kwenye mahema ya kutengea wagonjwa, akiruka madimbwi. Mlangoni walimpulizia viatu. Anne-Marie, nesi mkuu, alifungua rejista yake bila kumkaribisha kiti, maana kiti hakikuwapo.

"Avenue ile tuliipulizia Jumatatu tarehe makumi mbili na ine, asubuhi. Batu wawili na mimi mwenyewe. Siachake batu wa pompe peke yao, batu banaibaka. Kila nyumba niliingia, nikatoka wa mwisho."

"Sanduku la kufuli mbili uliliona?"

"Chini ya kitanda. Nililipulizia mi mwenyewe, na kufuli, kwa sababu wagonjwa wanazishika. Unaulizia nini?"

Inspekta alimtolea kufuli. Nesi alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Klori inakula chuma. Ikikauka ndani ya kufuli, kesho yake haifunguke tena. Hata kabati yetu tulipiga nyundo."

"Kwa hiyo mtu akitaka kuifungua baada ya Noeli?"

"Atapiga. Haiko namna ingine."

Na ilipigwa mara moja tu, Jumatano iliyopita, mbele ya akina mama wote. Bisimwa alisimama pale kati ya ndoo akaifuata hoja mpaka mwisho. Sanduku halikufunguliwa kati ya tarehe ishirini na nne na juzi. Tangazo la redio lilikuja tarehe ishirini na tano. Basi noti zilibadilishwa kabla, siku ambazo noti ya kumi ilikuwa nzima kama ya moja. Godelive hakuuza noti hai kwa noti zilizokufa. Alibadilisha pesa kwa pesa, bila faida hata ya chumvi. Sasa mtu anafungua sanduku la wenzake kwa siri, anavunja sheria ya likelemba, apate nini?

"Mtu abadilishe noti ndogo kwa kubwa za hesabu ile ile," alisema kwa sauti. "Kwa nini?"

"Labda ni ule upumbavu wa noti chafu," nesi alijibu, tayari ameshageukia mgonjwa.

"Upumbavu gani?"

"Ule wa megafoni! Banasema noti chafu zinaleta kolera. Sisi tuliandika karatasi tatu tu, na muhuri: chemsha maji, nawa mikono, funika choo. Ya noti hatukuandikaka. Kolera iko ndani ya maji. Sijui ni nani alienda kusomea batu ujinga ule."

Bisimwa alitazama viatu vyake vilivyolowa klori. Aliaga kwa mkono akapanda kilima, na njia nzima alijuta.

Maana ni yeye aliyeisoma. Ijumaa tarehe ishirini na moja, katikati ya soko la Kadutu, baada ya karatasi tatu zenye muhuri alisoma ya nne isiyo na muhuri. Alipewa na Camille, mwenye duka la mabati na saruji, ambaye alikuwa anamdai inspekta pesa za mabati ya nyumba yake mpya. "Nisaidie kwa afya ya raia," Camille alimwambia, "na lile deni tulisahau." Na Bisimwa ni mtu aliyekuwa akiwarudisha wajane nyumbani kwa sababu cheti chao kimekosa muhuri! Siku hiyo hakuuliza muhuri. Alisoma, sauti ikafika mpaka juu ya kilima.

Alimwita Godelive tena, na safari hii hakukaa.

"Jumamosi tarehe ishirini na mbili ulipeleka noti dukani kwa Camille. Eulalie alikupa ufunguo wake."

Godelive alijifunika uso kwa kitenge. Alilia kwanza, kisha akasema.

"Mutoto wake wa mwisho alianza kuhara usiku ule wa Ijumaa. Eulalie akakuya mbio, anasema, Godelive, ni ile sanduku, tunalala na kolera ndani ya nyumba, megafoni imesema! Akanipatia fungulo. Kwa duka ya Camille kulikuwa meza inje, batu wengi, anapokea noti chafu, anatoa safi, bure, hata matabishi haombi. Nikasema Mungu amubariki. Nilihesabu mara mbili, sikupunguza kitu. Nilitaka kuambia benzangu tukikutana. Jumapili yake sisi wote wawili tukaanguka."

"Na wenzako wengine? Hakuna aliyejua kuhusu ile meza?"

"Walijua, papa. Kila moja alipeleka zake kidogo. Sasa ziko chini ya godoro, na haya inawafunga kinywa."

"Kwa nini hukuniambia tangu Jumatano?"

"Sababu ukiandika Eulalie alitoa fungulo, bataenda kwake. Batavua mabati ya batoto wake. Bako bane, papa inspekta, na mama yao hana hata wiki mbili ndani ya udongo. Yangu wameshavua. Acha iishie kwangu."

Saa nne na nusu. Bisimwa alichukua kofia yake.

Kwenye bango la duka liliandikwa jina la asili, Sitwayeni, yaani Raia, Cirhuza, kama nchi ilivyotaka siku hizo, lakini mji mzima ulimwita Camille. Alikuwa nyuma ya kaunta akimshikia mwanamke mmoja dole gumba, analibonyeza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Alimhesabia zaire kumi, moja moja, akamwambia mwisho wa mwezi alete kumi na tano. Mwanamke alishukuru, akatoka.

"Inspekta! Kuya, kaa. Utakunywa nini?"

"Fungua hiyo droo."

Camille aliifungua bila wasiwasi. Ilijaa noti za zaire moja na za makuta hamsini, chafu, zimekunjwa mara mbili. Bisimwa aliinama. Harufu ya ndagala ilimpanda mpaka machoni.

"Nani alikuambia kwamba noti kubwa zitakufa?"

"Mi? Hakuna."

"Tarehe ishirini na mbili ulikusanya noti ndogo kiasi gani?"

"Sikuhesabu."

"Wewe, Camille. Hukuhesabu."

Camille alicheka, akafunga droo taratibu. "Sikia, ndugu yangu. Siku ile noti ya kumi ilikuwa franga ya Zaire, sivyo? Nilitoa franga nzuri, nikapokea franga nzuri. Hakuna mutu nililazimisha. Nionyeshe sheria inakataza."

Hakukuwa na sheria. Bisimwa alikuwa ameitafuta kichwani njia nzima, kifungu kwa kifungu.

"Uliwatisha kwa ugonjwa."

"Mi? Sauti yangu walisikia wapi?"

"Karatasi ulinipa wewe."

"Karatasi gani? Lete tuone." Alinyoosha mkono, kiganja wazi. "Iko na muhuri?"

Ile karatasi ilirudishwa pamoja na megafoni, na nani ajuaye ilifungia karanga gani. Inspekta alisimama pale kama mwanafunzi aliyesahau daftari. Alikuwa na hasira, lakini kubwa zaidi ilikuwa aibu.

"Na mabati yako?" Camille aliuliza kwa upole alipomwona anaelekea mlangoni. "Hayavuje?"

Saa tano na dakika ishirini Bisimwa alikaa mbele ya mashine ya kuandikia. Njia zilikuwa mbili. Angeweza kuandika kwamba mshitakiwa alikubali kosa akiwa peke yake, kama alivyoomba mwenyewe, na jina la Eulalie lisitajwe, wala jina la mtu mwingine. Lori lingekuja. Angeweza pia kuandika yote. Alipiga mashine kwa vidole viwili, hakupumzika, na robo kabla ya saa sita aliita watu wawili ndani: Godelive na Agathe.

Maelezo lazima asomewe aliyeyatoa kabla hajatia kidole, kwa lugha anayoielewa. Ndiyo kanuni, na Bisimwa alikuwa ameifuata mara elfu. Alisimama, akashika karatasi kwa mikono miwili, akatafsiri Kifaransa chake kadiri alivyosoma. Alisoma habari za kutu na za klori, akasoma tarehe. Agathe alikunja mikono. Godelive alitazama sakafu.

"'Siku ya Ijumaa, tarehe ishirini na moja Desemba,'" alisoma, "'katika soko la Kadutu lilitangazwa tangazo lifuatalo: Akina mama! Noti chafu zinabeba kolera. Mama anayependa watoto wake asizilaze nyumbani. Azipeleke kwa wafanyabiashara waaminifu, apewe noti safi.'"

Hakukusudia kupaza sauti. Maneno yalitoka vile yalivyotoka siku ile.

Godelive aliinua kichwa.

"Ngoja, papa. Soma tena pale."

Alisoma tena, polepole.

"Njo ile sauti," Godelive alisema. Hakuwa na hasira, alishangaa tu, kama mtu aliyemkuta ndugu mahali asipomtegemea. "Agathe, njo yee. Njo ile sauti tulisikia mi na Eulalie."

"Ni mimi," Bisimwa alisema.

"Uliiamini?"

"Sikuuliza, mama. Nilipewa, nikasoma."

"Eulalie aliiamini," Godelive alisema.

Nje lori lilikuwa limefika, injini inanguruma. Bisimwa alimalizia iliyobaki. "'Marehemu alitoa ufunguo na mshitakiwa akafungua sanduku kwa kutii tangazo lililosomwa na mtumishi wa serikali. Hawana kosa. Mtumishi huyo ni mimi ninayetia sahihi hapa chini. Karatasi haikuwa na muhuri. Nilipewa na mfanyabiashara niliyekuwa na deni lake la mabati, na kwa kuisoma deni hilo lilifutwa.'"

Alitia sahihi. Godelive alitia kidole. Bisimwa alitoka mwenyewe barazani, akamwambia dereva wa lori leo hana mtu wa kupakia, kisha akarudi akafungua mlango mpaka mwisho. Alijua karatasi ile itafika kwa wakubwa Jumatatu, na alijua noti mia moja arobaini na nne zilizomo sandukuni zitabaki karatasi hivyo hivyo.

"Mnisamehe," alisema. Neno lilikuwa dogo, hata yeye alilisikia udogo wake.

Agathe alikuwa amemshika Godelive mkono wa kushoto, kama mtu anayemwinua aliyeteleza. "Mabati yako tunarudisha leo leo," alimwambia. "Na kwa batoto wa Eulalie hakuna mutu atapita." Walifika mlangoni. Hapo Agathe aligeuka, akamtazama Bisimwa kuanzia kwenye viatu vyenye madoa ya klori mpaka usoni.

"Shefu. Nyumba yako iko na mabati ngapi?"

Mawingu yalikuwa yameshuka juu ya ziwa, mvua ya mchana iko njiani.

"Makumi mbili na ine."

"Mapya?"

"Mapya."

Agathe alihesabu midomoni, akigawanya kwa wanawake kumi na wawili. "Tutakuya kesho asubuhi," alisema, "mbele mvua haijanyesha."

"Sawa, mama," Bisimwa alijibu. "Nitaazima ngazi."